Kocha Kerr anamkalisha Kuminga benchi mwisho wa msimu kwa hesabu gani? (Uzi maalumu wa Golden State Warriors ya NBA, Aprili na Mei 2025)

Mzee wa Ribaundi (mwanzisha uzi)
Jumatatu 14 Aprili, saa 7:40 usiku

Wakuu, usingizi umekataa.

Mchezo wa mwisho wa msimu wa kawaida, tuko nyumbani San Francisco. Ukishinda unaingia mtoano moja kwa moja ukiwa wa sita. Ukipoteza unashuka wa saba, unakwenda kuhangaika kwenye mchujo. Tumepoteza. Clippers 124, sisi 119, baada ya dakika tano za nyongeza. Harden kafunga 39, Kawhi 33. Kwetu Curry 36, Butler 30. Hayo nayameza, mchezo ndivyo ulivyo.

Kinachonikwama kooni ni Jonathan Kuminga. Kijana wa miaka 22, wastani wa pointi 15 kwa mchezo msimu huu, mzima wa afya, kavaa jezi, kakaa pale tangu mpira unarushwa juu mpaka watu wanatoka ukumbini. Dakika sifuri. Jezi yake ina sifuri mbili mgongoni, Kerr kamwongezea ya tatu.

Kwa waliokuwa mbali na timu: mwezi Desemba huyu huyu alifunga 34, akarudia tena 34 mchezo uliofuata, Clippers na Suns wakiwa wahanga. Tarehe 4 Januari akateguka kifundo cha mguu dhidi ya Memphis, akakosa michezo 31. Akiwa anajiuguza, Februari klabu ikamleta Jimmy Butler kutoka Miami na timu ikaanza kupaa. Kuminga aliporudi tarehe 13 Machi akakuta kiti chake kina mtu.

Sawa, kiti kina mtu. Lakini ndani ya dakika 53 za jana hazikupatikana hata tano za kumpumzisha Butler? Naomba wenye kuijua Warriors waje na hoja, si matusi.

Chumvi Nyingi
saa 7:52 usiku

Naweka kambi hapa. Kahawa ipo.

Kidongo Chekundu
saa 8:15 usiku

Mkuu Mzee wa Ribaundi, umeuliza hesabu, ngoja nikupe hesabu. Mimi ni mchezaji wa jioni tu pale JMK Park, sina cheti cha ukocha, lakini hili hata pale kwetu tunaliona.

Chora uwanja kichwani. Curry anapanda na mpira, Draymond anakuja kumwekea skrini, yaani kumzibia mlinzi njia kwa mwili. Walinzi wawili wanamrukia Curry kwa sababu ukimwachia nusu hatua umekwisha. Curry anamtupia Draymond katikati. Sasa Draymond ana mpira, mbele yake wako wanne dhidi ya watatu. Hapo ndipo Warriors wanapokula tangu 2015.

Ulaji huo una sharti moja: pembeni wawepo watu ambao mlinzi akiwaacha anaungua. Weka Moody kona moja, Podziemski kona nyingine, Butler anakata kwenda kikapuni, mambo yanakwenda. Mtoe Moody umweke Kuminga. Kuminga msimu huu anapiga mitupo ya pointi tatu kwa asilimia 30 na ushee. Butler naye si mtu wa kupiga tatu. Draymond ndiyo kabisa, wanamwacha wazi wakimcheka. Walinzi watatu wote wanarudi kujazana chini ya kikapu. Curry anabaki na uwanja wa ukubwa wa kitanda.

Kerr amelisema hili mwenyewe si mara moja: Butler, Draymond na Kuminga wakiwa pamoja, upigaji unakosekana. Wazee walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Hapa wako watatu.

Mzee wa Ribaundi
saa 8:31 usiku

Nimekuelewa vizuri sana. Swali dogo: Gary Payton wa pili naye anapiga tatu lini? Mbona yeye anapata dakika?

Kidongo Chekundu
saa 8:44 usiku

Nilijua utamleta. Payton mkabidhi mlinzi hatari wa wapinzani, atamkaba kama deni. Akimaliza anakimbia kuweka skrini, anakata, anadaka, anafunga, anarudi nyuma. Haombi mpira. Kuminga akipata mpira kwanza anausimamisha, anamwangalia mtu wake, anapiga danadana tatu, ndipo anaamua. Wakati huo Curry keshakimbia mzunguko mzima bure.

Na ribaundi, wewe mwenyewe ndiye mzee wake. Mtu ana mwili ule na miguu ile, anaokota 4.6 kwa mchezo?

Bi Mkubwa wa Kikapu
saa 12:20 asubuhi

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Nimeamka nakuta vijana wamechora uwanja usiku kucha.

Nimefundisha timu ya wasichana ya sekondari, Tanga, kwa miaka tisa. Kidongo Chekundu, uliyoyasema ni kweli tupu na sitakubishia neno. Lakini umezungumzia mchezo wa jana. Kocha hasimamii mchezo wa jana peke yake, anasimamia na wa mwezi ujao.

Butler ana miaka 35. Curry 37. Draymond 35. Mwezi huu utapita bila mmoja wao kuumia? Siku hiyo mtamgeukia nani? Mtamgeukia kijana ambaye mmemkausha benchi wiki nzima, kisha mtamlaumu kwamba hana makali. Jiko la mkaa haliwashwi wageni wakiwa wameshanawa mikono. Unaliweka lina kaa mbili tatu za moto, ukihitaji unapuliza.

Dakika nane kwa mchezo zinatosha kuweka kaa. Sidai zaidi ya hapo.

Chumvi Nyingi
saa 12:41 asubuhi

Marahaba... samahani, shikamoo Bi Mkubwa. Kahawa imenipanda kichwani.

Nyayo Nne
saa 1:05 asubuhi

Kutoka Nairobi hapa. Nyinyi mnalia kuhusu jana, mimi bado nalia na Spurs. Tarehe 9 tulikuwa nyumbani, Harrison Barnes akatufunga tatu ya sekunde ya mwisho, 114 kwa 111. Barnes! Mtu wetu wa 2015! Tungeshinda hiyo, ya Clippers ingekuwa mazoezi tu.

Na Kerr kumnyima mtu dakika hajaanza leo. Uliza watu wa Boston. Olimpiki ya Paris mwaka jana alimkalisha Jayson Tatum mchezo mzima dhidi ya Serbia, bingwa wa NBA wa mwezi mmoja tu uliopita, kisha akaja kukiri kwa waandishi kwamba alijiona mjinga. Nusu fainali, Serbia tena, Tatum benchi tena. Marekani wakiwa nyuma pointi 17 wakageuza wakashinda 95 kwa 91. Sasa utamwambia nini mtu kama huyo? Kila akikalisha nyota anaondoka na medali.

Mgema wa Mbezi
saa 1:30 asubuhi

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mataji manne yamemlevya.

Nyayo Nne
saa 1:33 asubuhi

@Mgema wa Mbezi matano ya uchezaji ongeza hapo, matatu na Bulls ya Jordan, mawili na Spurs. Tisa kwa jumla. Wewe timu yako ya mtaani ina kikombe gani? Cha chai?

Goma Mawe ya Moto
saa 2:10 asubuhi

Bandugu, mimi niko mu Goma. Kama munasema mambo ya Kuminga, acha na sisi tuseme kidogo.

Huyu ni mutoto wa hapa. Alizaliwa Oktoba 2002, ule mwaka Nyiragongo ilitapika mwezi wa kwanza, moto ikapita katikati ya mji. Batoto wa umri wake bote bamekomalia juu ya mawe meusi. Ukianguka kwenye kiwanja chetu, unaacha ngozi. Alitoka hapa akiwa bado mudogo kwenda Amerika kusoma na kucheza. Ndugu yake Mudiay, naye alicheza NBA, alikuwa amemutangulia kule.

Tangu mwezi wa kwanza munajua mji wetu umepita mambo gani, sitaki kuyaleta hapa. Nasema tu kwamba jana batu baliweka pesa pamoja bakanunua mafuta ya jenereta ili tuangalie. Tukaangalia mpaka mwisho. Kamera ilimuonesha mara mbili, iko nakaa, taulo kwenye shingo. Mafuta ikaisha. Ile tu.

Mzee wa Ribaundi
saa 2:25 asubuhi

@Goma Mawe ya Moto pole sana ndugu yangu. Karibu kwenye uzi.

Upanga Mashariki
saa 3:02 asubuhi

Sisi watu wa Dar tuliokesha kwa ajili ya Hasheem Thabeet mwaka 2009 tunaijua hiyo taulo shingoni. Namba mbili ya drafti nzima, ule uchaguzi wa wachezaji wapya, Memphis wakamchukua. Msimu wa kwanza haujaisha walishampeleka ligi ya chini. Namba saba mwaka ule alikuwa nani? Curry. Na Kuminga naye alichaguliwa namba saba, 2021, klabu ile ile. Namba saba ya Warriors si ya kuchezea.

Tofauti ni kwamba Thabeet hakuwahi kuonesha kwamba anaweza kufunga 34 usiku mmoja. Huyu keshaonesha. Akiwa na miaka 19 Kerr huyo huyo alimwanzisha kwenye mtoano dhidi ya Memphis, akafunga 18, na mwaka ule wakachukua taji. Kwa hiyo si kweli kwamba Kerr hamwamini kijana. Anamwamini akiwa na shida.

Kidongo Chekundu
Jumatano 16 Aprili, saa 2:15 asubuhi

Habari za asubuhi familia. Mchujo umekwisha. Warriors 121, Memphis 116. Butler 38, Curry 37. Tuko mtoano, tunakwenda Houston.

Kuminga dakika sifuri tena. Nasubiri povu.

Mzee wa Ribaundi
saa 2:40 asubuhi

Nimeona. Nanyamaza leo. Nikisema kitu nitaonekana sitaki timu ishinde.

Mgema wa Mbezi
saa 2:47 asubuhi

Mzee kawekewa skrini na Kidongo Chekundu 😂

Kidongo Chekundu
Jumatatu 21 Aprili, saa 1:50 asubuhi

Pasaka njema. Mchezo wa kwanza, kwa watu, Houston: 95 kwa 85, tumewafunga. Curry 31. Kuminga hajagusa sakafu. Mchezo wa tatu mfululizo wenye maana.

Tazameni Houston walivyo. Sengun na Steven Adams wakisimama pamoja ni kama makabati mawili. Ukimweka Kuminga kupambana na wale kwenye ribaundi ni mateso. Kerr anataka watu wa kuzuia mgongo kwanza: Draymond, Looney, hata Butler. Mpaka hapa kocha anapata alama zote.

Bi Mkubwa wa Kikapu
saa 3:30 asubuhi

Alama zote anapata, sikatai. Na mkaa umezimika kabisa, nao sikatai. Tuendelee.

Nyayo Nne
Alhamisi 24 Aprili, saa 1:40 asubuhi

Jamani. Butler.

Mzee wa Ribaundi
saa 1:58 asubuhi

Kaanguka vibaya robo ya kwanza, alikuwa hewani Amen Thompson akamwingilia chini, akatua kwa kiuno. Hakurudi. Houston 109, sisi 94. Jalen Green 38.

Na kijana wetu ndiyo kaingia sasa. Dakika 26, pointi 11. Mara ya mwisho kucheza ilikuwa tarehe 11 kule Portland. Karibu wiki mbili anakaa, halafu anaambiwa "ingia, mtoano huo".

Bi Mkubwa wa Kikapu
saa 2:15 asubuhi

Sitasema niliwaambia.

Chumvi Nyingi
saa 2:16 asubuhi

Bi Mkubwa umeshasema.

Mgema wa Mbezi
saa 2:30 asubuhi

Alikuwa anakosa hata mipira ya mkononi. Mitupo miwili mitatu ilikuwa mifupi mpaka nikaona aibu mimi. Sasa hapo mnamlaumu kocha au mpigaji?

Bi Mkubwa wa Kikapu
saa 2:52 asubuhi

Mgema mwanangu, mtupo mfupi ni wa miguu. Mchezaji aliyekaa siku nyingi mikono haisahau, miguu ndiyo inasahau. Mazoezini anapiga akiwa amesimama, mwili umepoa, hakuna anayemsukuma. Mchezoni anatakiwa apige akiwa ameshakimbia mara nne na moyo unapiga ngoma. Wasichana wangu nilikuwa nikiwakalisha michezo miwili, wa tatu mipira yote inagonga ukingo wa mbele. Nilichukua miaka mitatu kuelewa kwamba kosa ni langu.

Upanga Mashariki
Jumapili 27 Aprili, saa 12:35 asubuhi

Mchezo wa tatu bila Butler: 104 kwa 93, ushindi. Kuminga kaanza kabisa, kafunga 7 tu, lakini Curry 36 na Payton kafanya kazi ya maana. Nakiri mbele ya uzi: Payton leo alikuwa bora kuliko kijana. Kidongo Chekundu chukua maua yako.

Kidongo Chekundu
Jumanne 29 Aprili, saa 2:20 asubuhi

Maua nimeyapokea. Butler karudi, kafunga 27, tumeshinda 109 kwa 106, tunaongoza tatu kwa moja. Kuminga kutoka kuanza mpaka dakika sifuri ndani ya siku mbili. Hata mimi hapo nimekuna kichwa kidogo. Kidogo tu.

Goma Mawe ya Moto
saa 3:00 asubuhi

Huku batu banauliza kama amekosea nini. Mukubwa mumoja kasema labda alitukana kocha. Nikamwambia apana, ni mambo ya nafasi uwanjani. Akaniangalia kama nimemwambia habari ya mwezini. "Nafasi? Kiwanja si kikubwa?"

Kidongo Chekundu
saa 3:08 asubuhi

Mwambie mzee kiwanja ni kikubwa ila wote wamehamia chumba kimoja.

Nyayo Nne
Jumatatu 5 Mei, saa 12:50 asubuhi

Tumepoteza wa tano, tukapoteza wa sita, nikaanza kumlaani Kerr kwa lugha zote ninazozijua. Wa saba leo, Houston, 103 kwa 89. Unajua nani katuokoa? Buddy Hield! Pointi 33, tatu tisa! Kocha kamwanzisha, mtu ambaye nusu ya uzi huu mlitaka aozee benchi.

Naomba nikumbushe wadogo. Fainali ya 2015, Warriors wako nyuma mbili kwa moja dhidi ya LeBron. Kerr akamtoa Bogut, mrefu wake, akamwanzisha Iguodala ambaye msimu mzima alikuwa akitokea benchi. Na wazo lenyewe lililetwa na msaidizi kijana aitwaye Nick U'Ren, aliyekuwa akikata video usiku. Wakashinda mitatu mfululizo, Iguodala akawa mchezaji bora wa fainali. Kerr si mtu wa kuogopa kubadilisha. Akikukalisha, kakuangalia.

Mzee wa Ribaundi
saa 1:15 asubuhi

Nyayo, hapo ndipo ninapopata shida. Kama haogopi kubadilisha, mbona kwa mtu huyu mmoja anabadilisha tu akilazimishwa? Januari mwaka jana, Denver. Tunaongoza kwa pointi 18 robo ya nne. Kuminga kakalishwa dakika 18 za mwisho, Jokic akapiga ile ya katikati ya uwanja ikagonga ubao ikaingia. Kesho yake ikaandikwa kwamba kijana amepoteza imani na kocha. Wakaketi, wakazungumza, akapewa dakika, akamaliza msimu na wastani wa 16. Yaani ilihitaji magazeti.

Baridi ya Minneapolis
Jumanne 6 Mei, saa 4:10 asubuhi

Hamjambo huko. Mimi ni Mkenya, niko Minnesota mwaka wa kumi na moja sasa, na kesho alfajiri yenu mnakuja kwetu. Nimesoma uzi wote kazini nikijifanya nafanya kazi. Endeleeni kubishana kuhusu benchi lenu, Anthony Edwards anawasubiri.

Halafu mnajua ile nafasi ya saba ya drafti mliyomchukulia Kuminga ilikuwa yetu? Tuliwapa pamoja na Wiggins, tukamchukua D'Angelo Russell. Kwa hiyo kijana wa Goma nusu ni wetu. 😁

Mzee wa Ribaundi
Jumatano 7 Mei, saa 1:30 asubuhi

Tumeshinda Minneapolis, 99 kwa 88, na hakuna anayefurahi. Curry kashika nyuma ya paja robo ya pili akiwa na pointi 13. Msuli. Kaenda chumbani hajarudi.

Nimeangalia tangazo lile la "hatarejea" nikamkumbuka Bi Mkubwa na jiko lake.

Bi Mkubwa wa Kikapu
saa 1:48 asubuhi

Leo sina furaha ya kuwa sahihi. Mungu amponye.

Kidongo Chekundu
saa 2:05 asubuhi

Haya, sasa tuseme ukweli wa kitaalamu. Sababu yote ya kumweka Kuminga benchi ilikuwa kumpa Curry nafasi. Curry hayupo. Sababu imekufa. Kuanzia mchezo ujao Kuminga asipopewa dakika za maana nitabadilisha jina langu humu.

Kidongo Chekundu
Ijumaa 9 Mei, saa 1:00 asubuhi

Jina limepona. Tumechapwa 117 kwa 93, ila Kuminga katokea benchi, mitupo 11 kaingiza 8, pointi 18. Alikuwa peke yake aliyeweza kumpita mtu wake.

Baridi ya Minneapolis
saa 3:15 asubuhi

Nilikuwa ukumbini. Yule kijana akiinamisha bega huwa simtazami usoni, natazama ubao wa matokeo. Kwa nini mlimficha? Kama ningekuwa Houston ningedai mchezo wa saba urudiwe.

Goma Mawe ya Moto
Jumapili 11 Mei, saa 1:20 asubuhi

TELATHINI!!! Bandugu, telathini! Kumi na moja kwa mitupo kumi na nane! Huku hakuna aliyelala. Kuna mama alitoka nje na sufuria akazani kuna vita tena, tukamwambia apana mama, ni Kuminga.

Mzee wa Ribaundi
saa 1:35 asubuhi

Nimecheka na machozi yananitoka. Telathini, rekodi yake ya mtoano. Butler 33. Na bado tumepoteza, 102 kwa 97. Edwards kafunga 36, nyingi kipindi cha pili. Draymond katolewa kwa faulo sita.

Kidongo Chekundu
saa 2:00 asubuhi

Naomba tusherehekee halafu tutazame na upande wa pili. Kipindi cha pili kila walipokwama walimpa Kuminga au Butler mpira, wengine wanne wakasimama kuangalia. Mmoja dhidi ya mmoja, mpaka saa inakaribia kwisha. Inafurahisha macho. Lakini Wolves, yaani hao Minnesota, ni warefu, Gobert yuko nyuma, mwisho wa mchezo wakakaza na mlango ukafungwa.

Upanga Mashariki
saa 2:12 asubuhi

Kidongo Chekundu hata siku ya harusi wewe utauliza bei ya wali.

Kidongo Chekundu
saa 2:14 asubuhi

Wali ulikuwa mdogo.

Nyayo Nne
Alhamisi 15 Mei, saa 1:55 asubuhi

Imekwisha. Minnesota 121, Warriors 110, wametutoa nne kwa moja. Baridi ya Minneapolis, hongereni, mlituzidi, hasa ile robo ya tatu ya juzi mliyotupiga 39 kwa 17.

Kuminga leo 26. Juzi 23. Kabla yake 30, na kabla yake 18. Jumla 97 katika michezo minne, wastani wa 24 na ushee.

Kidongo Chekundu
saa 2:03 asubuhi

Na ushindi katika hiyo minne? Sifuri.

Mzee wa Ribaundi
saa 2:20 asubuhi

Bila Curry! Unataka ashinde na nani? Mlete mfungaji yeyote aliyekaa wiki mbili, umtupe dhidi ya Wolves bila Curry, akuletee 24 kwa mchezo. Nitajie mmoja.

Kidongo Chekundu
saa 2:34 asubuhi

Mzee, tulia. Sisemi hawezi kufunga, hilo limekufa. Nasema Kerr hakuwa na mezani "Kuminga au hakuna". Alikuwa na "Curry acheze kwa raha, au Kuminga acheze kwa raha". Mezani hapo wewe mwenyewe ungemchagua Curry. Mimi ningemchagua Curry. Mama wa Goma mwenye sufuria angemchagua Curry.

Goma Mawe ya Moto
saa 2:41 asubuhi

Ule mama? Apana. Huyo hawezi.

Bi Mkubwa wa Kikapu
saa 3:10 asubuhi

Wanangu, nyote wawili mmeshikilia mkia mmoja mmoja. Kidongo Chekundu, ulichosema kuhusu nafasi uwanjani nimekikubali tangu siku ya kwanza. Ninachomdai Kerr ni kidogo mno: zile dakika nane. Dhidi ya Clippers, wakati Draymond yuko nje na Curry anakunywa maji. Robo ya pili, watu wa pili dhidi ya watu wa pili. Hapo Kuminga habanani na yeyote. Butler apumzike, kijana abebe mzigo dakika nne, mara mbili kwa usiku. Angeingia mchezo wa pili wa Houston ana pumzi. Labda tungemaliza kwa michezo mitano badala ya saba, na paja la Curry lingepata siku tano za kulala. Labda. Ukocha una labda nyingi.

Kidongo Chekundu
saa 3:25 asubuhi

Hii ya Draymond nje sina jibu nayo. Umenishika.

Mzee wa Ribaundi
saa 3:27 asubuhi

WAKUU PIGENI PICHA HII.

Baridi ya Minneapolis
saa 5:40 asubuhi

Sasa kiangazi itakuwaje? Oktoba mwaka jana walishindwa kuelewana mkataba mpya, kwa hiyo anaingia sokoni, ila Warriors wana haki ya kulinganisha ofa yoyote atakayoletewa. Wakimpa ile ofa ya mwaka mmoja ni kama dola milioni 7.9. Mtu wa 24 kwa mchezo kwenye mtoano hatasaini hiyo akitabasamu.

Upanga Mashariki
saa 6:02 mchana

Aende. Kocha asiyemtaka mtu mpaka nyumba iungue si kocha wa mtu huyo. Kuna timu thelathini, nyingine zina uwanja mtupu kabisa.

Mgema wa Mbezi
saa 6:20 mchana

Akienda timu mbovu atafunga 22 kila usiku na kupoteza michezo 55, halafu mtaanzisha uzi mwingine hapa.

Mzee wa Ribaundi
saa 6:31 mchana

Nitauanzisha mimi mwenyewe.

Goma Mawe ya Moto
saa 7:15 mchana

Swali moja, bakubwa. Mudogo wangu alichukua shati yake ya njano akaandika 00 nyuma kwa rangi ya mafuta, ile ya kupaka milango. Kama Kuminga anahama timu, iko naruhusiwa kubaki na namba ile ile? Maana rangi haitoki, na mama ameshaona.